Stabat Mater: Beti 20 za Mama Aliyesimama

Neno la kwanza la utenzi huu wa Kilatini, *stabat*, maana yake "alikuwa amesimama". Mshairi hakumwonyesha Maria akizirai. Amesimama kando ya msalaba, analia, na Mwanawe ananing'inia juu, kama ilivyo katika Yohane 19:25.

Aliyezoea ushairi wa Kiswahili ataliona umbo lake mara moja: ni tathlitha, yaani shairi la mishororo mitatu kwa ubeti, beti 20, mizani 8, 8 na 7. Mishororo miwili ya kwanza ina kina kimoja (*dolorosa*, *lacrimosa*), na wa tatu husubiri mwenzake katika ubeti unaofuata (*Filius*, *gladius*). Kwa hiyo beti huenda mbilimbili, kama watu wanaoshikana mkono msibani.

Ulitungwa Italia karne ya 13. Wengi humtaja Jacopone da Todi, Mfransisko aliyefariki mwaka 1306. Wengine humtaja Papa Inosenti III. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16, uliondolewa kwenye Misa pamoja na sekwensia (nyimbo za kabla ya Injili) nyingine nyingi, hadi Papa Benedikto XIII alipourudisha mwaka 1727. Leo ni sekwensia ya Septemba 15, kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Mateso, na kwa desturi beti zake huimbwa waamini wakitoka kituo kimoja cha Njia ya Msalaba kwenda kingine.

Naomba wanakwaya wautazame sana ubeti wa 9. Hadi hapo mshairi anasimulia tu. Ghafla anamgeukia mama mwenyewe na kumwomba: nifanye niusikie uchungu wako, nilie pamoja nawe. Anayeimba bila kuhisi mgeuko huo anaimba nusu ya shairi. Mtunzi wa muziki Mwitalia Vivaldi, katika kazi yake ya mwaka 1712 kwa ajili ya mji wa Brescia, alitumia beti 10 za kwanza peke yake.

Mwitalia mwingine, Pergolesi, alizitungia muziki beti zote mwaka 1736, akiugua kifua kikuu huko Pozzuoli, na akafa mwaka huohuo akiwa na miaka 26. Ana sauti mbili za waimbaji, soprano na alto, na ala chache tu. Sauti moja inashika noti. Ya pili inaingia jirani kabisa, zinakwaruzana, kisha moja inashuka. Mkwaruzo unarudi tena na tena. Kwangu mimi hakuna namna iliyo wazi zaidi ya kuliweka jeraha ndani ya muziki.

Mtunzi Mcheki Dvořák alianza yake mwaka 1876, baada ya kufiwa na binti mchanga. Akaiweka kando. Mwaka 1877 watoto wake wawili waliobaki, Růžena na Otakar, wakafariki katika muda wa wiki chache, naye akairudia na kuimaliza. Okestra inafungua kwa noti moja tu inayopanda oktava kwa oktava. Karibu saa moja na nusu baadaye, katika ubeti unaoitaja saa ya kufa kwa mwili, muziki ule wa mwanzo unarudi, kisha unafunguka kuwa "Amina" ya shangwe.