Kubaini ufuatiliaji wa kiadui nje ya ubalozi: maana yake na unavyofanyika

Mwishoni mwa 1993 Ali Mohamed, raia wa Marekani aliyewahi kuwa sajenti katika jeshi la nchi hiyo, alitumwa na Osama bin Laden kuchunguza majengo ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Waisraeli jijini Nairobi. Aliupiga picha ubalozi wa Marekani, wakati huo ukiwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, akachora michoro na kuandika ripoti. Mwaka 2000 alikiri mahakamani New York kwamba bin Laden, alipoonyeshwa picha hizo Khartoum, alinyoosha kidole mahali ambapo lori lingeweza kupita. Lori lilifika Agosti 7, 1998, likiwa na bomu. Watu 213 waliuawa Nairobi, na 11 Dar es Salaam siku hiyo hiyo.

Kati ya picha na lori ilipita zaidi ya miaka minne. Pengo hilo ndilo linaloipa maana kazi ya kubaini ufuatiliaji: kumtambua mtu au kikundi kinachouchunguza ubalozi kwa siri, kwa nia ya kudhuru au kuiba habari, kingali katika hatua ya kutazama. Kazi hii ni tofauti na ulinzi wa lango. Mlinzi wa lango humkagua anayeingia, ilhali mwangalizi humtafuta yule ambaye hana haja ya kuingia. Baada ya 1998 Marekani ilianzisha vikosi vya namna hii kwenye balozi zake nyingi, vikiwa na wenyeji waliovaa kiraia.

Kazi huanza na ramani. Afisa usalama hutembea nje ya ukuta akitafuta lango linaonekana kutoka wapi: kituo cha daladala, mgahawa wa ng'ambo ya barabara, ghorofa linalotazama maegesho. Mtazamaji anahitaji sehemu ambayo anaona vizuri na ana kisingizio cha kuwapo. Uwanja mtupu haumfai hata kama lango lote linaonekana, kwa sababu kila mtu atamshangaa. Sehemu zenye sifa zote mbili huwa chache, na hizo ndizo za kutazamwa. Waangalizi wapya hukosea hapa: wanakaa wakiutazama ubalozi wenyewe.

Siku za mwanzo ni za kuijua hali ya kawaida ya mtaa. Waombaji viza hufika alfajiri, bodaboda wana kijiwe chao, watalii hupiga picha. Mtu kusimama mara moja si kitu. Kinachohesabika ni mtu yule yule kuonekana saa tofauti au mahali tofauti bila shughuli inayoeleweka. Yapo pia matendo yenye uzito hata yakitokea mara moja: kupiga picha kamera za ulinzi, vizuizi na jinsi zamu za walinzi zinavyopokezana, au kuacha gari pasiporuhusiwa kisha kutazama kutoka mbali askari watachukua dakika ngapi kufika. Hilo la gari ni zito kuliko yote, maana mhusika ameshatoka kwenye kutazama na sasa anajaribu. Hapo polisi wanaitwa papo hapo.

Taarifa nzuri husomeka hivi: “Saa 2:40 asubuhi. Mwanamume, kimo cha kati, shati la bluu, viatu vyeusi, kisigino cha kulia kimelika. Kituo cha basi, upande wa kaskazini. Mabasi matano yamepita, hajapanda. Aligeuka kutazama lango kila gari lilipoingia. Ameondoka saa 3:15 kwa miguu kuelekea mashariki.” Viatu vimeandikwa makusudi: shati na kofia hubadilishwa upesi, viatu mara chache. Kwa gari, pamoja na namba andika mkwaruzo au taa iliyopasuka, kwani namba hubadilishwa.

Taarifa isemayo “mtu wa kutiliwa shaka, ana ndevu” haina thamani, na inamwonea asiye na hatia. Anayetafuta sura angemwacha Ali Mohamed apite. Kosa jingine la mara kwa mara ni zamu ya asubuhi na ya jioni kutolinganisha madaftari yao, kwa hiyo mtu aliyeonekana mara nne anaandikwa kama watu wanne. Na mwangalizi asimkabili anayemshuku. Mshukiwa akishtuka ataondoka, na mwangalizi hatamjua atakayetumwa badala yake.

Majasusi wa dola huacha alama nyingine. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ilitundikwa nyumbani kwake hadi 1952, kilipogunduliwa kinasa sauti ndani yake. Hakikuwa na betri. Kilifanya kazi pale tu kilipopigwa na mawimbi ya redio kutoka nje. Kwa hiyo gari lililofungwa, linaloegeshwa jirani siku baada ya siku, nalo linastahili kuandikwa. Anayejipendekeza kwa dereva au karani wa ubalozi, akiulizia ratiba na madeni ya watu, hataonekana na mwangalizi wa barabarani. Huyo hujulikana pale tu wafanyakazi wanapoweza kuripoti bila kuogopa kufukuzwa.

Nje ya ukuta, mamlaka ni ya nchi mwenyeji. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ibara ya 22, unaipa wajibu wa kuulinda ubalozi. Ibara ya 41 inawataka wanadiplomasia waheshimu sheria zake. Novemba 2010 televisheni ya TV 2 ya Norway ilifichua kwamba ubalozi wa Marekani Oslo uliendesha kikosi cha aina hii tangu 2000, kikiwatumia waliowahi kuwa polisi wa Norway. Wamarekani walisema mamlaka zilijua. Serikali ikasema haikuarifiwa. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki, kwani mpita njia hakuridhia picha yake itunzwe na dola ya kigeni. Kabla mwangalizi wa kwanza hajasimama barabarani, ubalozi na polisi wanapaswa kuandikiana mitaa itakayotazamwa, picha zitafutwa baada ya muda gani, na afisa gani atapokea simu saa yoyote.