Ugonjwa si risiti ya dhambi

Mtoto akilazwa wiki mbili, au dau likirudi tupu mwezi mzima, hakosi mtu wa kunong'ona nje ya kanisa: "Hawa wamemkosea Mungu." Hapa Unguja nimeyasikia mara nyingi, na Biblia haiyaungi mkono.

Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza hivyo hivyo: nani alitenda dhambi, kipofu huyu au wazazi wake? Yesu akajibu: si yeye wala wazazi wake. Rafiki zake Ayubu nao walikaa naye chini siku 7 kimya. Waliharibu walipofungua midomo na kudai anateseka kwa dhambi zake.

Na kanisa la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Nani atathubutu kusema waliouzwa pale walikuwa wakilipa dhambi zao?

Mama mkwe alipopooza, mke wangu alimgeuza kila baada ya saa mbili, akimpangusa mgongo kwa maji ya vuguvugu. Jirani yetu, Muislamu, alileta uji wa mchele wenye pilipili manga. Hakuuliza kosa la nani. Aliuliza kijiko kiko wapi.