Je, wajua kwa nini riwaya ya maneno mepesi inaweza kukushinda?

Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1990, haifiki kurasa mia. Sentensi zake ni fupi, maneno yake ya kila siku. Hata hivyo wengi tuliowahi kuianza tuliiweka kando kabla ya katikati. Sasa chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi ya mwaka 1960. Humo Kiunguja kimekolea hasa, na msomaji wa bara atafungua kamusi si mara moja. Lakini watu wameisoma mpaka koroboi ikaisha mafuta.

Wahakiki huiita ya kwanza riwaya dhati na ya pili riwaya pendwa. Majina yenyewe yana majivuno kidogo, kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa na uzito.

Kinachokuvuta kwa Abdulla ni taharuki. Mtu kauawa, maiti imekutwa mzimuni, na tayari unadai jibu: nani kafanya? Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake, anauliza jambo linaloonekana la kipuuzi, kisha ananyamaza. Sahibu yake Najum anabaki gizani pamoja nawe. Msamiati ukikupiga chenga unauruka tu, kwa sababu unajua deni litalipwa kabla ya jalada la mwisho.

Kezilahabi hakukopi chochote, kwa hiyo huna cha kumdai. Msimulizi wake anatangatanga, wakati unajikunja, aliyekufa na aliye hai wanazungumza. Ukiuliza “kisha ikawaje?” kitabu kinakutazama tu. Swali lake ni “hiki ni nini?”, na swali hilo halina haraka. Ndiyo maana anayekimbiza macho huteleza: kila neno analielewa, ukurasa haumwingii.

Wala si kwamba mtu huyu hakuweza kusimulia. Rosa Mistika yake ya 1971, kisa cha binti wa Ukerewe, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, nayo ni riwaya ya kumalizwa kwa siku mbili.

Mimi Nagona niliimaliza kwa jaribio la tatu, nilipoacha kuisoma kama hadithi. Nilikuwa nasoma kurasa mbili kwa sauti alfajiri, kama mtu anayeghani shairi, halafu naifunga na kwenda kuchemsha chai.