Likizo ya Julai na mtoto wa mbwa: mwache alale

Wengi wanaochukua mtoto wa mbwa huku Nyanda za Juu Kusini humchukua Juni au Julai, na sababu inaeleweka: watoto wamefunga shule, Saba Saba ni sikukuu, na ukiongeza siku chache za likizo unapata wiki nzima ya kushinda nyumbani na mgeni wako. Shida ni kwamba hiyo ndiyo miezi ya baridi. Njombe na Makete usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo nyasi huamka zina barafu. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 ana mwili mdogo na mafuta haba chini ya ngozi, tena hadi jana alikuwa analala amebanana na ndugu zake. Kwa hiyo wiki hii nashauri mambo mawili tu, joto na usingizi. Kumfundisha kukaa na kutoa mkono kutafuata baadaye.

Katika umri huo mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Wateja hunipigia simu wakidhani anaumwa, kumbe yuko sawasawa. Akiamka atakuwa macho dakika 40 au saa nzima, ale, akojoe, acheze kidogo, kisha azimike tena kwa saa moja na nusu au mbili. Akianza kung'ata vidole na kurukia nguo kama kichaa, mara nyingi ni uchovu, si utundu. Mrudishe kwenye sanduku lake, funika upande wa mbele kwa kanga, na utaona dakika tano haziishi ameshalala. Wenye watoto nyumbani wawe na sheria moja isiyo na mjadala: aliyelala haguswi. Wageni wa kuja kumtazama waje wiki ya pili.

Sanduku lenyewe liwe la mbao au katoni imara, la kumtosha kujinyoosha na kugeuka, basi. Likizidi hapo, kona moja atalala na nyingine ataifanya choo. Sakafu ya saruji humnyonya joto usiku kucha hata ukitandika blanketi, kwa sababu blanketi likilaliwa hubonyea na kuwa jembamba. Inua sanduku sentimita 5 hadi 10 kwa vipande vya mbao, tandika katoni mbili tatu zilizokunjuliwa, kisha blanketi kuukuu juu yake. Maranda yanafaa yakiwa makavu na mapana. Vumbi la msumeno halifai: linaingia puani na machoni, na likilowa mkojo halikauki. Mdomo wa sanduku usielekee mlangoni, maana upepo unaopita chini ya mlango ndio unaomfikia yeye aliye chini, wakati wewe uliye kitandani huusikii.

Sasa jiko la mkaa, na hapa sina upole. Usimwekee jiko kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa nusu saa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni. Watu wengi huingiza jiko ndani likishaacha kutoa moshi, wakiamini hatari imetoka na moshi huo. Sivyo. Mkaa uliokolea na kuwa mwekundu bado unatoa gesi hiyo. Mbaya zaidi, dalili zake za mwanzo kwa mbwa ni kulegea, kuyumba na kulala, na mtoto wa mbwa aliyelala hakuna anayemshangaa. Na kama wewe unalala chumba hicho hicho, hatari ni yako pia.

Badala yake tumia chupa ya maji ya lita moja na nusu. Jaza maji ya moto ya kiasi cha kuoga, si ya kuchemka, kaza kifuniko, igeuze juu chini uone kama inavuja, kisha iviringishe kwa taulo au uivalishe soksi nzito. Iweke upande mmoja tu wa sanduku, ili akiona joto limezidi asogee. Hili la kusogea ni la lazima: mtoto anayelazimika kulalia chupa ya moto huungua ngozi taratibu, na kidonda hujitokeza siku kadhaa baadaye. Badilisha maji kila baada ya saa 3 au 4. Akianza kuitafuna, iondoe.

Utajuaje kama baridi imemzidi? Masikio ya baridi peke yake si kipimo. Ingiza kidole safi mdomoni: fizi na ulimi viwe vya uvuguvugu na rangi ya waridi. Ukiwa na kipimajoto cha dijitali, paka mafuta ya mgando, ingiza sentimita 2 kwenye njia ya haja kubwa. Nyuzi 38 hadi 39 na kidogo ni sawa. Ikiwa chini ya 37.5, mkumbatie ndani ya koti lako na kumwekea chupa. Ikishuka chini ya 37, au amelegea hata hataki kuinua kichwa, nenda kwa daktari wa mifugo huku ukimpasha joto njiani. Asilishwe akiwa bado wa baridi, kwa sababu utumbo uliopoa hausagi chakula, na maziwa ya kulazimisha yanaweza kuingia mapafuni. Kama anatetemeka na kulegea kwa kukosa mlo, mpake asali au glukosi kidogo kwenye fizi, kisha umpe chakula akishapata nguvu.

Chakula cha siku za kwanza kiwe kile kile alichokula kwa mtu anayemfuga mama yake, hata kama hukipendi. Siku ya tatu au ya nne anza kuchanganya: robo cha kipya kwa robo tatu za cha zamani, kisha nusu kwa nusu, uhamie kipya kabisa baada ya wiki moja. Mgawie milo minne. Mwenye kilo 4 anahitaji takriban gramu 150 hadi 170 za chakula kikavu cha watoto wa mbwa kwa siku nzima, kilicholoweshwa kwa maji ya uvuguvugu. Anayepikia nyumbani asimpe ugali na mchuzi tu. Weka sehemu sawa za ugali au wali na dagaa, yai lililochemshwa au nyama. Dagaa wazima ni bora kwa sababu ya madini ya mifupa, lakini waoshe mara mbili tatu watoke mchanga na chumvi. Maziwa ya ng'ombe ndiyo chanzo kikubwa cha kuhara ninachokutana nacho katika wiki ya kwanza: akishaachishwa ziwa, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupungua. Kitunguu, chokoleti, zabibu kavu na mifupa ya kuku iliyopikwa visimfikie. Na kwa vile nusu ya Njombe sasa ina miti ya parachichi uani, okota kokwa zote: humezwa zima, hukwama utumboni, na hapo ni upasuaji.

Haja ndogo wakati wa baridi ina ugumu wake. Mbwa hatoki kwenye sanduku la joto kwenda kusimama kwenye umande ili akufurahishe. Atakaa mlangoni akitetemeka, umrudishe ndani, kisha akojoe kwenye zulia. Mtengenezee mahali pakavu chini ya paa la baraza, gunia la katani juu ya mchanga linatosha, na umpeleke hapo hapo kila mara: akiamka, baada ya kula, baada ya kucheza, na kila saa moja akiwa macho. Mbebe hadi hapo. Akitembea mwenyewe ataanza njiani. Simama kimya dakika 5. Akimaliza msifu papo hapo, si mkisharudi ndani. Usiku mwamshe saa 4 kabla hujalala, kisha saa 7 na saa 10, kwa sababu kibofu cha miezi miwili huvumilia kama saa 3 hivi. Sanduku likae kando ya kitanda chako siku tatu za mwanzo: atalia kidogo, nawe utamsikia akihangaika. Akikojoa ndani usimsugue pua. Futa, osha kwa sabuni, suuza. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi, vinachanganyika na kutoa mvuke unaochoma macho na kifua, wako na wake.

Kumwogesha, hapana. Wala kumchovya kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa sababu ana viroboto: kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua, na kulowa kwenye baridi humaliza kilichobaki. Tumia kitana chenye meno ya karibu mchana juani, ukikichovya kwenye maji ya sabuni, na dawa halisi ya viroboto upewe na daktari kwa uzito wake. Vivyo hivyo dawa ya minyoo.

Chanjo ya kwanza ya parvo, kirusi kinachoshambulia utumbo wa mbwa, na magonjwa wenzake huanza wiki ya 6 hadi 8, na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi 3. Hadi amalize zile za wiki 16, asikanyage njia wanazopita mbwa wa mitaani. Kirusi cha parvo hukaa udongoni mwaka mmoja na zaidi, na baridi haikiui. Saruji unaweza kuisafisha kwa sehemu 1 ya jiki kwa 30 ya maji, iache dakika 10, lakini udongo hausafishiki. Akitapika na kuhara kinyesi cha damu chenye harufu kali, usingoje kesho. Hata hivyo asifichwe ndani, kwa sababu hadi wiki ya 14 hivi ndipo anapojifunza kipi cha kawaida duniani. Mfunge kwa kanga kifuani umpitishe asikie bodaboda, aone mwamvuli, watu wenye makoti na kofia, dakika 10 mchana zinatosha.

Kosa la mwisho la likizo ni kuwa naye kila dakika, halafu Jumatatu unafunga mlango unaenda kazini. Siku ya pili anza kutoka chumbani dakika moja akiwa anasinzia, kisha 5, 10, 20, bila kuaga. Mwisho wa wiki avumilie saa nzima. Zaidi ya saa 2 au 3 mfululizo asiachwe katika umri huu, kwa hiyo ongea mapema na dada wa kazi au jirani wa kumtoa saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, na umwonyeshe gunia liko wapi.