Kangaga la Amani na papa wa kilindini

Hapa Tanga utasikia mtu akisema kangaga la msitu wa Amani na papa wa kilindini ni viumbe wa kale, hawajabadilika tangu hapo. Mkongwe ni ukoo, si spishi, yaani aina moja moja ya kiumbe. Ukoo wa papa umepita miaka milioni 400, wa makangaga milioni 350. Lakini geuza jani la kangaga uone vidoa vya kahawia vya spora, chembe zake za kuzaliana: hilo si lazima liwe kangaga la kale, kwani spishi nyingi za leo zimetoka kwenye matawi yaliyostawi baada ya miti ya maua kutanda na kuyatia kivuli. Papa naye kaendelea kubadilika, macho yakazoea giza. Na silikanti, samaki mwingine wa kilindini anayeitwa wa kale, anayenaswa kwenye jarife, wavu wa papa? Huyo si papa hata kidogo. Ni samaki wa mifupa.