Mhindi, Mhindu na Kihindi

Juzi jioni nilipeleka suruali kupunguzwa kwa fundi mmoja wa Kisutu, Dar es Salaam. Ni mzee wa Kibohora, kofia yake nyeupe yenye utepe wa dhahabu haimtoki kichwani na sala haimpiti. Redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa. Taarifa ya habari ikafika India, msomaji akasema kumetokea vurugu "kati ya Wahindi na Waislamu". Mzee akalishika gurudumu la cherehani kwa kiganja, likasimama. Akaniangalia. "Mwanangu, hapo mimi nimewekwa upande gani?"

Sikuwa na la kumjibu. Ni Mhindi, babu yake alitoka Gujarat kwa jahazi. Ni Mwislamu, mtaa mzima unamjua. Kwa maneno yale ya redioni, mtu kama yeye hayupo duniani.

Kosa hili la kusema Mhindi pale panapotakiwa Mhindu nimelisikia mara nyingi mno, na si kwa watu wasiosoma. Linatoka kwa watangazaji, kwa walimu, hata kwa watafsiri wa filamu. Basi tuanze na maana, nazo ni fupi. Mhindi ni mtu wa India, au mwenye asili ya huko. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu, awe wa nchi yoyote. Kihindi ni lugha moja kati ya lugha nyingi za India. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Asiye na haraka tuende naye mtoni, maana maneno yote haya yametoka mtoni. Katika Kisanskriti mto mkubwa wa kaskazini-magharibi uliitwa Sindhu, na ndio tunaouita Indus leo. Waajemi walioishi ng'ambo yake walikuwa na matamshi yao: pale Kisanskriti kilipokuwa na "s", wao mara nyingi walikuwa na "h". Saba kwa Kisanskriti ni "sapta", kwa Kiajemi ni "haft". Ni kama Mmvita anavyosema "ndoo" pale Mwunguja anaposema "njoo". Neno ni lile lile, midomo ndiyo tofauti. Kwa hiyo Sindhu ikawa Hindu. Wagiriki wakaichukua kwa Waajemi, wakaidondosha hiyo "h", ikawa Indos, na kutoka hapo Ulaya ikapata jina India. Waarabu wao waliibakiza "h", nchi wakaiita Al-Hind, na mtu wake wakamwita Hindi.

Sasa tazama hiyo "i" ya mwisho, kwa sababu mgogoro wote umelala juu yake. Ni "i" ya Kiarabu ya kumnasibisha mtu na mahali. Mtu wa Shiraz ni Shirazi, nasi tukamfanya Mshirazi. Mtu wa Hadhramaut ni Hadhrami, tukamfanya Mhadhrami. Mtu wa Hind ni Hindi, tukamfanya Mhindi. Katika neno hilo hamna dini hata chembe. Linakuambia mtu ametoka wapi, halikuambii anaabudu nini. Ndiyo maana tuna Bahari ya Hindi, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba bahari ina dini. Na yale mahindi tunayosaga sembe, wengi husema yamepewa jina kwa kudhaniwa yametoka huko, ingawa mmea wenyewe asili yake ni Amerika.

Ile "u" ya Hindu ni ya mto wenyewe, Sindhu. Nayo mwanzoni haikuwa na dini. Kwa Mwajemi wa kale, Hindu ilikuwa nchi iliyo ng'ambo ya mto na watu wake. Neno hilo halimo katika Veda, maandiko ya kale kabisa ya dini hiyo, na hadi leo wafuasi wengi hupenda kuiita dini yao Sanatana Dharma, yaani njia ya milele. Dini iliingia katika neno taratibu. Waislamu walipokuwa wengi katika nchi ile, ilihitajika namna ya kuwataja wale wasiokuwa Waislamu, na jina Hindu likawaangukia. Waingereza wakaja na sensa zao kuanzia miaka ya 1870, wakachora safu za dini, kila mtu akatakiwa aingie katika safu moja. Watu wenye miungu, ibada na desturi tofauti kabisa wakajikuta chini ya neno moja.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili kilishaijua tofauti hii. Tena kiliijua vizuri kuliko tunavyoijua sisi. Unguja ya karne ya 19 haikuwaita watu wote wa India kwa jina moja tu. Baniani alikuwa Mhindu, na neno lenyewe lina asili ya Kigujarati, lenye maana ya mfanyabiashara. Tunalitaja kila siku tunaposema "baniani mbaya, kiatu chake dawa". Khoja alikuwa Khoja, Bohora alikuwa Bohora, wote hao Waislamu, na Mgoa alikuwa Mkatoliki kutoka Goa. Baadaye akaja Kalasinga, yule wa kilemba, Msikh. Na neno Mhindi? Wasafiri na wamisionari walioandika Kiswahili cha zama zile wanatuonyesha kwamba Mhindi, likitajwa bila nyongeza, lilimaanisha zaidi Mwislamu kutoka India. Baniani upande huu, Mhindi upande ule. Mswahili wa Forodhani mwaka 1860 angesikia "vurugu kati ya Wahindi na Waislamu" angeuliza: Waislamu na Waislamu wenzao?

Wapo watakaosema ni herufi moja tu, mbona unaikuza. Naikuza kwa sababu huko India herufi hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Mwaka 1923 mwanasiasa V. D. Savarkar alichapisha kijitabu kilicholipa nguvu neno Hindutva. Alisema Mhindu ni yule anayeiona ardhi ile, kuanzia mto Sindhu hadi baharini, kuwa nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Masharti mawili kwa pamoja. Mwislamu na Mkristo wa India wanatimiza la kwanza, lakini Makka na Yerusalemu ziko kwingine, kwa hiyo la pili linawatoa nje. Miaka miwili baadaye, 1925, jumuiya ya RSS, inayofuata itikadi hiyo, ikaanzishwa mjini Nagpur. Kiongozi wake wa sasa, Mohan Bhagwat, amerudia mara nyingi kwamba kila anayeishi India ni Mhindu, kwa maana ya utamaduni. Ukiyasikia kwa mbali ni maneno ya ukarimu. Waislamu, Wasikh na Wakristo wengi wanayakataa, kwa sababu wanaona wanamezwa.

Kwa hiyo Hindutva si Uhindu. Uhindu ni dini, Hindutva ni itikadi ya kisiasa, na wapo Wahindu wacha Mungu wasioitaka kabisa. Mswahili anayesema "Wahindi" akimaanisha Wahindu anakuwa ameingia katika ugomvi huo bila kujua, na ameshachagua upande.

Tazama jinsi habari zinavyoharibika. Mwezi Aprili 2025 bunge la India lilipitisha marekebisho ya sheria ya wakfu, yanayoruhusu wasio Waislamu kuingia katika mabaraza yanayosimamia mali hizo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa wakfu ni nini. Waliojitokeza barabarani kupinga walikuwa zaidi Waislamu wa India. Andika "Wahindi wapinga sheria ya wakfu", na msomaji aliyezoea kosa letu ataelewa kinyume kabisa. Au ile sheria ya uraia ya mwaka 2019, inayowarahisishia uraia Wahindu, Wasikh, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo waliokimbia Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, na kuwaacha Waislamu. Huwezi kuieleza sheria hiyo kwa Kiswahili hata kwa sentensi moja kama Mhindi na Mhindu kwako ni mtu mmoja.

Hesabu nazo zipo. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha Wahindu ni asilimia 79.8 ya watu wa India. Waislamu walikuwa asilimia 14.2, kiasi cha milioni 172, karibu mara tatu ya Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 2022. Hao wote ni Wahindi. Nagaland na Mizoram ni majimbo yenye Wakristo wengi. Na upande wa pili, Nepal imejaa Wahindu ambao si Wahindi, na Bali kule Indonesia vivyo hivyo.

Sasa Kihindi. Hapa kosa linatoka kwenye sarufi yetu wenyewe, na naweza kulielewa. Kiambishi "ki-" kinafanya kazi mbili: kinataja lugha na kinataja mtindo. Chakula cha Kihindi, nguo za Kihindi, sawa, hapo ni mtindo wa India. Lakini ukisema "wanaongea Kihindi" umetaja lugha, nayo ni lugha maalumu inayoandikwa kwa hati ya Devanagari. Wahindi wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja nyumbani huongea Kigujarati au Kikachi. Wasikh huongea Kipunjabi. Kihindi wengi wamekipata kwenye filamu, kama sisi tu.

Katika mijadala yetu ya lugha ya kufundishia, kila mara husimama mtu akasema: "Mbona India wanafundisha kwa Kihindi na wameendelea?" Nami ni mtu wa kutaka Kiswahili kifundishie, kwa hiyo inaniuma hoja nzuri inapobebwa na mfano mbovu. Katika sensa hiyo hiyo ya 2011, waliosema Kihindi ndiyo lugha yao ya mama walikuwa asilimia 43.6, na ndani yake zimejumlishwa lugha kadhaa za jirani. Katiba inataja lugha 22 katika jedwali lake la nane. Kihindi ni lugha rasmi ya serikali kuu, na Kiingereza kinatumika kando yake. Lugha ya taifa, India haina.

Tena uliza Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India. Januari 1965, Kihindi kilipokaribia kuwa lugha rasmi pekee, vijana walifurika mitaani, watu wakafa, wengine walijichoma moto. Tangu 1968 shule za serikali za jimbo hilo zinafundisha lugha mbili, Kitamil na Kiingereza. Sera ya elimu ya serikali kuu ya mwaka 2020 inataka lugha tatu, angalau mbili ziwe za asili ya India, na inasema hakuna jimbo litakalolazimishwa lugha fulani. Jimbo halikuamini, likaona Kihindi kinapitishwa mlango wa nyuma, na serikali kuu ikazuia fedha za elimu. Huko Maharashtra, mwaka 2025, serikali ya jimbo ilitaka Kihindi kianze darasa la kwanza kama lugha ya tatu. Wasemaji wa Kimarathi wakapinga, na mwezi Juni agizo likafutwa. Wote hao ni Wahindi, na walikuwa wanakataa kulazimishwa Kihindi.

Nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. Katika msitu wa Gir, Gujarat, na maeneo yanayouzunguka, ndimo walimobaki simba pekee wa porini wa Asia. Hesabu ya Mei 2025 ilipata 891. (Neno lao "simha" na simba wetu yamefanana kwa bahati tu. Simba ni neno la Kibantu. Kwa Kizulu "insimba" ni kanu, yule mnyama mdogo wa porini.) Pembezoni mwa msitu huo kuna kijiji kinaitwa Jambur, na wakazi wake ni Wasidi. Ukiwaona sura na nywele utadhani uko Lindi au Kilwa, na hutakuwa umekosea sana, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa upande huu wa bahari, wengi wao kama watumwa. Wengi ni Waislamu, na wanamheshimu walii wao Bava Gor, aliyezikwa Ratanpur. Wanaongea Kigujarati. Ngoma yao wanaiita goma, na huhitaji kamusi kujua neno hilo lilisafiri kutoka wapi.

Huyo Msidi wa Jambur ni Mhindi, kwa kuzaliwa, kwa pasi ya kusafiria, kwa kila kitu. Si Mhindu. Kihindi si lugha ya nyumbani kwake. Maneno yetu matatu, kwake yeye, ni matatu kweli.

Suruali niliifuata juzi hiyo hiyo baada ya magharibi. Nikamwambia mzee kwamba msomaji wa habari alikusudia kusema "kati ya Wahindu na Waislamu", herufi ilimponyoka. Akaikunja suruali, akaifunga kwa gazeti. "Basi mwambieni," akasema, kisha akageuka kuendelea na mjukuu wake aliyekuwa anamuuliza jambo. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona kwamba wameanza Kihindi chao. Nikamwambia polepole kuwa kile ni Kigujarati cha Kibohora.