Je, wajua kwa nini takwimu rasmi bado huchapwa kwenye karatasi?

Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Karani alisimama mlangoni pa kaya, akauliza, akabofya. Matokeo, watu 61,741,120, yakatolewa katika ripoti zenye jalada, sura na namba za kurasa, kama vitabu vya zamani. Kama namba zilizaliwa ndani ya mashine, zina haja gani tena ya kupita kwa mpiga chapa?

Kwa miaka mingi nilijibu swali hili bila kusita: ni kwa ajili ya wasio na intaneti. Jibu hilo lina huruma, lakini si sahihi. Vitabu vya takwimu havikuwahi kufika kwa mkulima asiye na intaneti. Viliishia wizarani, vyuoni na kwenye maktaba za miji. Simu ya mkononi imezifikisha namba hizo mbali kuliko kitabu kilivyowahi kuzifikisha, na kama shabaha ingekuwa kuwafikia wengi tu, uchapaji ungekuwa umekwisha kazi yake zamani.

Nikahamia jibu la pili, kwamba karatasi hudumu. Nalo halisimami. Tarehe 10 Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, mahali yalipohifadhiwa madodoso ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Mengine yaliungua, mengine yakalowa maji ya kuzimia moto, na miaka ya 1930 mabaki yakateketezwa kwa idhini ya Bunge. Kati ya watu zaidi ya milioni 62 waliohesabiwa, yamesalia majina yapatayo 6,000. Ila majedwali ya sensa hiyo hiyo yapo hadi leo, kwa sababu yalikuwa yamekwishachapwa na kutawanywa katika maktaba nyingi. Madodoso yalikuwa karatasi, majedwali pia yalikuwa karatasi. Yaliyopona ni yale yaliyokuwa na nakala nyingi, zilizokaa mbalimbali.

Fikiria daftari la mkopo dukani kwa Mangi. Likiwa moja tu, na liko kwake, deni lako ni lile analolisoma yeye siku hiyo. Huenda ni mwaminifu kabisa. Amekumbuka kilo ya sukari aliyosahau kuiandika Jumanne, akafuta jumla ya zamani na kuandika mpya. Amesahihisha kwa haki, lakini ushahidi wa jumla ya kwanza umetoweka, nawe huwezi kujua kilichobadilika. Ukiwa na daftari lako nyumbani, mnakaa mnalinganisha mstari kwa mstari. Na duka likiungua, hesabu ingali hai.

Takwimu rasmi husahihishwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na inapaswa iwe hivyo. Septemba 2014 Kenya ilibadili mwaka wa kizio wa Pato la Taifa, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kulinganishia, kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi wa mwaka 2013 ukaonekana mkubwa zaidi kwa asilimia 25 hivi. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku huo wala aliyedanganya. Shughuli ambazo hesabu ya zamani haikuzinasa vizuri zilipimwa upya. Lakini taarifa ya uchumi iliyokuwa imetolewa miezi michache kabla ilibeba namba ndogo, na bajeti, mijadala na tafiti za wakati huo ziliitegemea namba hiyo. Anayefungua kanzidata leo hukutana na mfululizo mpya. Anayetaka kuelewa watu wa wakati huo walikuwa wakiona nini anahitaji toleo lile la zamani, lisiloguswa.

Faili la PDF lililopakuliwa na wengi hufanya kazi hiyo hiyo, na nadhani hufanya vizuri zaidi. Hatari iko pale ambapo nakala pekee inakaa kwenye tovuti ya mwenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025 kurasa na data za afya ziliondolewa kwenye tovuti za serikali ya Marekani, na tarehe 11 Februari jaji aliamuru baadhi ya kurasa hizo zirejeshwe. Waliokuwa na nakala zao hawakulazimika kungoja mahakama.

Rudi dukani. Badala ya kunakili daftari zima, unaweza kuandika jumla ya ukurasa pembeni mwa kiberiti chako. Mangi akigusa mstari mmoja, jumla inagoma. Udhaifu ni kwamba akipunguza huku na kuongeza kule, jumla itarudi palepale. Wanahisabati wamebuni jumla isiyochezewa hivyo: faili lote husagwa kwa hesabu ya kompyuta na kutoa alama ya herufi na tarakimu 64, na nukta moja ikihama, alama yote hugeuka.

Na hapa karatasi inarudi kwa njia ninayoipenda sana. Mwaka 1995 Surety, kampuni ya Marekani ya kuthibitisha tarehe za nyaraka za kidijitali, ilianza kuchapa alama ya namna hii kila wiki katika gazeti la New York Times, kati ya matangazo madogo madogo, ili nakala zilizotapakaa mjini ziwe shahidi. Ripoti nzima ya sensa ingeweza kulindwa kwa mstari mmoja kama huo katika Gazeti la Serikali.